Kununua Saa za Kuruka: Jinsi Muda wa Ndege Ndogo na wa Rubani Wake Unavyoandikwa

Mzazi anayempeleka mtoto chuo kikuu hulipa ada ya muhula. Mzazi anayempeleka mtoto shule ya urubani hununua saa. Hutajiwa bei ya saa moja ya ndege ya mafunzo, huzidisha kwa idadi ya saa zinazotakiwa ili mwanafunzi apate leseni, kisha hutoka kwenda kutafuta fedha hizo: benki, katika chama cha akiba na mikopo, au kwa kuuza kiwanja. Ni wazazi wachache mno wanaouliza, kabla ya kutia saini, saa hiyo inaanza kuhesabiwa lini, inakoma lini, na ni chombo gani kinachoihesabu.

Swali hilo lina thamani ya mamilioni ya shilingi, kama hesabu iliyomo humu itakavyoonyesha. Tena si fedha peke yake. Saa zilizoandikwa vibaya, au zilizoandikwa pasipo kuruka, huweza kumnyima kijana leseni, kumnyima kazi, na kumweka hewani rubani asiye na uzoefu ambao karatasi zake zinadai kuwa anao. Kwa hiyo somo hili linamhusu mwanafunzi wa urubani na anayemlipia, mwanachama wa klabu anayekodi ndege kwa saa, mtu anayetaka kununua ndege iliyokwisha kutumika na, kwa sehemu ndogo, abiria anayekodi ndege nzima kwa safari yake.

Madaftari mawili

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika usafiri wa anga madaftari ni mawili, na kila moja lina mwenyewe.

La kwanza ni daftari la rubani. Hili ni mali ya rubani mwenyewe tangu siku yake ya kwanza ya mafunzo. Humfuata kutoka shule hadi shule, kutoka mwajiri mmoja hadi mwingine, na kutoka nchi hadi nchi. Kila safari huandikwa kwa mstari wake: tarehe, aina ya ndege, alama za usajili wake (za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Y, za Uganda 5X), mahali ilipoondokea na ilipotua, nani alikuwa rubani kiongozi, muda uliotumika, na kama safari ilikuwa ya mchana au ya usiku, pamoja na mkufunzi au peke yake.

La pili ni daftari la ndege. Hili hukaa na ndege maisha yake yote, hata ikiuzwa mara kumi, na huandamana na vitabu vya injini na vya propela. Ndani yake mna saa ilizoruka, matengenezo yaliyofanywa, vipuri vilivyobadilishwa, na saini ya fundi aliyeidhinishwa. Desturi ya kuweka kumbukumbu ya safari za ndege si ya jana. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga wa kiraia duniani, unaagiza katika kifungu chake cha 34 kwamba kila ndege inayofanya safari za kimataifa iwe na kitabu cha safari chenye taarifa za ndege, za wahudumu wake na za kila safari.

Jambo la kushika hapa ni kwamba safari moja huacha alama katika madaftari yote mawili. Alama ikionekana katika daftari la rubani na isionekane katika la ndege, au kinyume chake, pana kosa mahali, na pengine pana zaidi ya kosa.

Saa moja, namba nne

Kila mwenye nyumba anaijua mita ya maji. Husomwa mwanzo wa mwezi, husomwa mwisho wa mwezi, na tofauti ndiyo inayolipiwa. Ndege ndogo nayo ina mita, lakini huwa na zaidi ya moja, na hazikubaliani. Hazikubaliani si kwa sababu mojawapo ni mbovu, bali kwa sababu kila moja inapima kitu chake.

Kwanza, kuna muda wa kuruka kwa maana ya kisheria. Kwa mujibu wa viwango vya ICAO, yaani Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, muda wa kuruka wa ndege ya mabawa huanza pale ndege inapojongea kwa mara ya kwanza kwa nia ya kupaa, na hukoma pale inaposimama kabisa mwisho wa safari. Kwa hiyo dakika za kutembea ardhini kuelekea njia ya kurukia zimo katika hesabu. Helikopta ina kanuni yake: muda wake huanza panga zake za juu zinapoanza kuzunguka, na hukoma pale inapokuwa imesimama kabisa na panga hizo zimetulia. Muda huu ndio unaoandikwa katika daftari la rubani, na ndio unaohesabiwa kwa ajili ya leseni.

Pili, kuna muda wa hewani, tangu magurudumu yanapoacha ardhi hadi yanapoigusa tena. Huu ndio unaotumiwa mara nyingi kuhesabu matengenezo ya ndege.

Tatu, kuna mita ya Hobbs, kisanduku kidogo chenye tarakimu, kilichopewa jina la mtengenezaji wake wa Marekani. Katika ndege nyingi za mafunzo mita hii huamshwa na shinikizo la oili ya injini: injini ikiwaka, inahesabu, injini ikizimwa, inanyamaza. Haijali kama ndege iko futi 5,000 juu ya mashamba au imesimama ikisubiri ndege kubwa tatu zitue. Katika baadhi ya ndege imeunganishwa na swichi kuu ya umeme, na katika nyingine huanza tu ndege inapopata mwendo wa hewani. Ndiyo maana haitoshi kuambiwa kwamba “tunatumia Hobbs”. Uliza imeunganishwa na nini.

Nne, kuna takometa, yaani mita ya mizunguko ya injini, ambayo ndani yake mna kihesabu saa. Takometa ya kimakanika huhesabu saa kamili pale tu injini inapozunguka kwa kasi iliyopangiwa, ambayo kwa kawaida ni kasi ya safari. Injini ikiunguruma polepole ardhini, kihesabu nacho hujikokota.

Tuchukue mfano wa somo moja la asubuhi. Injini inawashwa saa 2:00. Ndege inaanza kujongea saa 2:09, inapaa saa 2:18, inatua saa 3:12, inasimama katika maegesho saa 3:21, na injini inazimwa saa 3:24. Mita ya Hobbs inayofuata shinikizo la oili itakuwa imehesabu dakika 84, yaani saa 1.4. Muda wa kuruka wa kisheria ni dakika 72, yaani saa 1.2. Muda wa hewani ni dakika 54, yaani saa 0.9. Takometa haitabiriki kwa usahihi kama huo, ila tuseme imesogea saa 1.1. Zote nne ni kweli. Hakuna aliyedanganya.

Sasa tutie fedha. Shule ya kwanza inatoza shilingi 600,000 kwa saa ya Hobbs. Shule ya pili inatoza shilingi 700,000 kwa saa ya takometa. (Bei hizi ni za mfano tu.) Anayesoma matangazo atakwenda shule ya kwanza. Lakini somo la asubuhi ile litamgharimu huko 600,000 mara 1.4, yaani shilingi 840,000. Katika shule ya pili lingemgharimu 700,000 mara 1.1, yaani shilingi 770,000. Na katika shule zote mbili mwanafunzi ataandika katika daftari lake saa 1.2 tu.

Ukigawa gharama kwa saa zinazoandikwa, unapata bei ya kweli: shilingi 700,000 kwa saa moja ya daftari katika shule ya kwanza, na takriban shilingi 642,000 katika shule ya pili. Kwa saa 40, mzazi aliyepiga hesabu kwa bei ya tangazo la shule ya kwanza aliandaa shilingi milioni 24. Atakayodaiwa ni milioni 28. Shilingi milioni nne zimepotea katika injini iliyokuwa ikiunguruma huku ndege imesimama, wala hakuna aliyeziiba. Kosa ni kulinganisha bei mbili zisizo na kipimo kimoja.

Tofauti hiyo hukua au hupungua kwa kutegemea mahali. Katika uwanja wenye shughuli nyingi, mfano Wilson jijini Nairobi au Julius Nyerere jijini Dar es Salaam, ndege ndogo huweza kukaa kwenye foleni ikisubiri ruhusa ya mnara. Katika kiwanja cha mikoani, chenye safari chache kwa siku, dakika tano tangu kuwashwa injini zaweza kutosha. Masomo mafupi nayo huumiza zaidi kuliko marefu: safari ya Dar es Salaam hadi Unguja ni takriban dakika 20 za hewani, na dakika za ardhini ni sehemu kubwa ya bili yake. Shule yenye bei ya juu kidogo katika kiwanja kitulivu huweza kuwa nafuu kuliko yenye bei ya chini katika kiwanja chenye msongamano, na katika ushauri wetu hili ndilo jambo ambalo familia nyingi hulipuuza.

Kusoma tarakimu

Mzazi anayelifungua daftari la mwanawe kwa mara ya kwanza huweza kuchanganywa na mambo mawili.

Jambo la kwanza ni nukta. Muda wa ndege huandikwa kwa sehemu za kumi za saa, na kila sehemu ni dakika sita. Hivyo 1.3 si saa moja na nusu wala saa moja na dakika tatu. Ni saa moja na dakika kumi na nane. Nusu saa ni 0.5. Ankara zenye mchanganyiko, ambamo mstari mmoja una 1.30 kwa maana ya saa na dakika na mwingine una 1.3 kwa maana ya sehemu za kumi, hazifai kulipwa kabla hazijaandikwa upya kwa mtindo mmoja.

Jambo la pili ni saa yenyewe. Marubani huandika kwa saa ya ulimwengu, iitwayo UTC, ili safari ya Arusha na ya London zisomeke kwa kipimo kimoja. Afrika Mashariki iko mbele ya saa hiyo kwa saa tatu. Sisi nasi tuna hesabu yetu ya Kiswahili, inayoanza alfajiri. Kwa hiyo saa 2:09 asubuhi ni 08:09 ukutani, na ni 0509 katika daftari. Mzazi akiona 0509 hudhani mwanawe alirushwa saa kumi na moja alfajiri gizani, na huja ofisini na malalamiko. Kinyume chake nacho hutokea: somo la usiku lililoanza saa 1:10 usiku huandikwa 1610, na asiyejua husema hilo lilikuwa somo la alasiri lililopachikwa jina la usiku ili liuzwe ghali. Kabla ya kumshutumu mkufunzi, ongeza saa tatu kwanza.

Saa zinazohesabiwa na zisizohesabiwa

Kwa viwango vya ICAO, anayetaka leseni ya urubani binafsi anatakiwa awe na saa zisizopungua 40 za kuruka, au 35 iwapo amefuata kozi iliyoidhinishwa. Ndani yake ziwemo saa 10 za kuruka peke yake chini ya usimamizi wa mkufunzi, na kati ya hizo saa 5 za safari za masafa, ikiwamo safari moja isiyopungua kilomita 270 yenye kutua na kusimama kabisa katika viwanja viwili tofauti. Kwa leseni ya urubani wa biashara kiwango ni saa 200, au 150 katika kozi iliyoidhinishwa. Nchi yaweza kuweka masharti ya juu zaidi, hivyo orodha ya mwisho itafutwe kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi husika, si katika kipeperushi cha shule.

Msomaji azingatie neno “zisizopungua”. Saa 40 ndiyo sakafu. Si ahadi kwamba mwanafunzi atakuwa tayari zitakapotimia. Wengi huhitaji zaidi, na shule inayoahidi kwamba hakuna atakayezidisha inaahidi jambo lisilo mkononi mwake.

Si kila dakika inayotumika ndani ya ndege huingia katika hesabu. Mwanafunzi aliyekaa kiti cha nyuma akitazama mwenzake akifundishwa amejifunza kitu, lakini hakupata saa. Rafiki aliyekaa kando ya rubani naye hakupata. Mazoezi ya simuleta, yaani kifaa cha ardhini kinachoiga ndege, huandikwa katika safu yake, na hukubaliwa kwa kiwango chenye ukomo kinachowekwa na mamlaka. Ukiona kifurushi cha “saa 50” kwa bei ya kushangaza, uliza ni ngapi kati yake ni za ndege, ngapi ni za simuleta, na ngapi ni za kutazama. Jibu lipatikane kwa maandishi.

Saa za kalamu

Marubani wana jina la saa zilizopo katika wino tu: saa za kalamu. Hakuna aliyeruka; mtu alishika kalamu akaandika.

Huanza kidogo. Safari ya saa 1.2 inaandikwa 1.5 kwa sababu “ndiyo namba iliyokuwa kwenye ankara”. Kisha mwanafunzi ambaye fedha zimemwishia akiwa na saa 36 huambiwa kwamba nne zilizobaki zitapatikana. Mzazi aliyekwisha kuuza kiwanja cha pili hapendi kuuliza zitapatikanaje. Tunajua uzito wa hali hiyo, wala hatuwadharau waliojikuta humo. Lakini ni lazima mtumiaji aelewe kinachofuata, kwa sababu anayeumia mwisho si aliyetoa ushauri.

Kinachofuata ni kwamba daftari la rubani halisomwi peke yake. Ofisa wa leseni, au mwajiri makini, huliweka kando ya daftari la ndege. Huangalia kumbukumbu za mnara wa kuongozea ndege, ankara za ada ya kutua, na hati za mafuta. Akikuta kwamba siku ile mwanafunzi alipoandika kuwa aliruka saa 2.3 ndege hiyo ilikuwa karakana na injini imeshushwa, hana haja ya ushahidi mwingine. Kuanzia hapo hata saa za kweli hutiliwa shaka, kwa kuwa hakuna awezaye kuonyesha mpaka kati ya zilizorukwa na zilizoandikwa. Kijana aliyeruka saa 180 kwa jasho na kuongeza 20 kwa kalamu huweza kuonekana hana hata moja ya kuaminika. Leseni iliyopatikana kwa taarifa za uongo huweza kufutwa, na kutoa taarifa hizo kwa mamlaka ni kosa la kisheria.

Bima nayo inahusika. Mikataba mingi ya bima ya ndege ndogo hutaja idadi ya chini ya saa ambazo rubani awe nazo, pengine katika aina ileile ya ndege. Ajali ikitokea na ikabainika kwamba saa hizo hazikuwapo, kampuni ya bima itakuwa na sababu ya kukataa kulipa. Watakaobaki na hasara ni mwenye ndege, aliyeikodi, na familia za waliokuwamo.

Kuna sababu iliyo nzito kuliko zote hizi. Saa zinazotakiwa hazikuwekwa ili kuzipatia shule mapato. Saa ya kumi ya kuruka peke yake ni saa ambayo mwanafunzi amekutana na upepo wa ubavuni bila mtu wa kumshikia usukani. Aliyeiandika bila kuiruka atakutana na upepo huo siku nyingine, akiwa na abiria.

Ndege nayo huhesabiwa

Anayekodi au kununua ndege hana budi kulisoma daftari la pili. Ndege za mafunzo na za kukodi hukaguliwa kwa vipindi vya saa. Kipindi kilichozoeleka ni kila saa 100, na oili ya injini aghalabu hubadilishwa kila saa 50. Ndege ya shule inayoruka saa tano kwa siku hutimiza saa 100 ndani ya siku 20, kisha huingia karakana. Mwanafunzi aulize shule ina ndege ngapi, la sivyo atagundua mwenyewe kwamba masomo husimama kila mwezi huku kodi ya chumba ikiendelea.

Injini ina umri wake. Kwa injini nyingi za Lycoming zinazofungwa katika Cessna 172, ndege ambayo marubani wengi wa kanda hii wamejifunzia, mtengenezaji anapendekeza ukarabati mkuu baada ya saa 2,000 au miaka 12, kutegemea kipi kitatangulia. Hapo ndipo penye kishawishi. Kila anayenunua gari lililotumika anajua habari za odomita iliyorudishwa nyuma. Katika ndege, kuficha saa 300 ni kuifanya injini inayokaribia ukarabati ionekane bado ina maisha marefu. Mita huweza kukatwa waya, na mita iliyoharibika huweza kubadilishwa kwa mpya inayoanza na sufuri. Kubadilisha mita si kosa. Kosa ni kutoandika katika daftari ile ya zamani iliishia wapi.

Mnunuzi aulize pia daftari linafuata mita ipi. Ndege iliyohesabiwa kwa muda wa hewani kwa miaka kumi, kisha kwa Hobbs kwa miaka mitano, ina jumla ambayo ni mchanganyiko wa vipimo viwili. Huo si ulaghai, ila bei ijadiliwe kwa kujua hivyo. Wala saa chache si sifa siku zote. Ndege iliyoruka saa 30 tu kwa miaka minne huku imeegeshwa karibu na bahari yaweza kuwa imeliwa na kutu kwa chumvi kuliko mwenzake wa bara anayeruka kila siku. Mlipe fundi aliyeidhinishwa, ambaye si fundi wa muuzaji, aikague.

Kwa anayekodi kwa saa, mambo ni mepesi zaidi. Uliza kama bei ni pamoja na mafuta au bila mafuta. Piga picha ya mita kabla ya kuwasha injini na baada ya kuizima. Linganisha picha na ankara hapohapo, kabla ya kuondoka kiwanjani.

Abiria wa ndege ya kukodi

Abiria hana haja ya kudai daftari la rubani. Ukaguzi huo ni kazi ya mwendeshaji na ya mamlaka. Analoweza kuuliza ni kama mwendeshaji ana cheti halali cha kuendesha biashara ya usafiri wa anga, na kama bei ya saa inahesabu pia safari ya ndege kurudi tupu. Afahamu vilevile kwamba saa za rubani huandikwa ili kumlinda na uchovu, kwa kuwa kuna mipaka ya kazi. Abiria aliyechelewa hifadhini akafika kiwanja cha Seronera jioni, akamkuta rubani anakataa kuongeza mzunguko mmoja zaidi, asidhani amedharauliwa. Rubani amelisoma daftari lake.

Kabla ya kulipa, na baada ya kila somo

Mkataba na shule utaje kwa maneno mita itakayotumika kutoza, ada ya mkufunzi na jinsi inavyopimwa (wako wanaotoza pia muda wa maelezo ya darasani), ada za kutua, na utaratibu wa kurejesha fedha za saa ambazo hazijarukwa. Hatushauri kulipa saa zote mapema kwa sababu ya punguzo. Ndege huharibika, na shule hufungwa. Lipa kwa mafungu ya saa chache, na kila fungu liwe na risiti.

Daftari lisiachwe shuleni. Likae kwa mwanafunzi, na kila ukurasa unapojaa upigwe picha na nakala itunzwe na mtu mwingine, tuseme mzazi. Wanaotumia daftari la kielektroniki wahakikishe kwanza kwamba mamlaka inalikubali na kwamba saini ya mkufunzi inaweza kuthibitishwa.

Hitilafu ikionekana, andikia shule ukitaja tarehe, usajili wa ndege, usomaji wa mita na kiasi unachokipinga, na uombe jibu kwa maandishi. Jibu lisipopatikana au lisiporidhisha, peleka barua hiyo pamoja na picha na risiti kwa mamlaka ya usafiri wa anga. Nchini Tanzania lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga. Malalamiko yenye picha ya mita husikilizwa haraka kuliko yenye kumbukumbu za kichwani.

Makosa ya kuandika humpata kila mtu. Namna ya kuyarekebisha ni moja: kata kwa mstari mmoja ili kilichoandikwa kiendelee kusomeka, andika sahihi juu au kando yake, weka saini na tarehe. Usitumie wino mweupe wala usichane ukurasa. Kosa likigunduliwa kurasa kadhaa baadaye, andika marekebisho katika mstari wa leo ukitaja ukurasa wenye kosa, kisha rekebisha jumla kuanzia hapo. Na saini ya mkufunzi ipatikane siku ileile ya somo, kwa kuwa wakufunzi huhama, na aliyekwenda kufanya kazi nchi nyingine hapatikani kwa urahisi kuja kuthibitisha saa 0.8 za mwaka juzi.